Nimepewa unahodha na nahodha wa zamani bado yuko kwa timu, mliocheza kriketi nisaidieni

KijanaWaSouthB – Jumatatu, saa 3 usiku

Habari za jioni wadau, hii itakuwa ndefu kidogo mnivumilie.

Nina miaka 29, naishi South B, kazi yangu iko Industrial Area kwa stoo moja ya vipuri vya magari na tangu mwezi wa pili mimi ndio supavaiza wa zamu ya mchana, watu 14. Wikendi nacheza kriketi, timu yetu iko ligi ya chini hapa Nairobi, tunacheza Jumapili kwa viwanja vya kuazima. Sasa mwezi huo huo wa pili nikapewa na unahodha pia. Sikuuomba, mwenyekiti wa klabu alinipigia simu usiku akaniambia "mwanangu sasa ni zamu yenu" na mimi nikasema sawa.

Shida ni kwamba nahodha aliyekuwa kabla yangu bado anacheza. Ana miaka 43, hapa nitamwita Mzee tu, ameongoza hii timu miaka 11 na ndiye alinifundisha kushika gongo nikiwa kidato cha pili. Haniambii kitu kibaya. Akinisalimia ananisalimia vizuri, ananiuliza mama anaendeleaje. Lakini tukiwa uwanjani nikisogeza mtu, nageuka baada ya mipira miwili napata huyo mtu amerudishwa hatua kumi. Kwa mkono tu, bila neno. Na vijana wanamtii kwa sababu ule mkono wameuzoea. Jumapili iliyopita nilimpa mpira kijana wetu wa spini, yule anayerusha mpira wa kuzunguka, nikaweka mtu slipi, pale nyuma ya mpigaji pa kudaka mipira inayogusa ukingo wa gongo, nikaenda kusimama kava, mbele upande wa ubavuni. Mpira wa tatu ukagusa ukingo wa gongo ukapita pale pale slipi, na hakuna mtu! Kumbe ameshaambiwa arudi nyuma azuie nne, yaani mpira unaofika ukingo wa uwanja. Ulipita kimo cha kiuno, polepole, mpaka nikauona ushonaji ukizunguka. Sikusema kitu. Nilinyamaza mpaka mechi ikaisha, hata chai ya timu sikunywa, nikachukua matatu nikaenda nyumbani.

Kazini ni vile vile. Kuna mama mmoja amekuwa kwa hiyo stoo tangu kabla sijamaliza shule, anajua kila rafu, vijana wakikosa kitu wanamuuliza yeye, mimi napitiwa kama mlango.

Kwa hivyo swali langu kwa nyinyi mliocheza kwa kiwango cha juu, wale mmeishi na huu mchezo miaka na miaka: mtu anaongozaje watu waliomfundisha? Uwanja ulikufundisha nini hapo? Tafadhali msiniandikie tu "jiamini", hiyo nimeisikia, nataka kusikia mtu aliyesimama pale katikati akasema mimi nilifanya hivi na ikawa hivi.

---

MzeeWaOva – Jumatatu, saa 4 na nusu usiku

Ndugu yangu mdogo pole sana. Mimi nimecheza ligi ya Nairobi miaka 22, miaka 15 kati ya hiyo daraja la juu, nikaitwa kambi ya timu ya taifa mara mbili na mara zote nikarudishwa nyumbani kabla orodha haijatoka. Kwa hivyo ninachokuambia kimetoka kwa mtu wa kawaida aliyekaa sana.

Kwanza ujue kitu unachofanya ni kigumu. Kwa kandanda kocha anasimama pale kwa laini anapiga kelele dakika 90. Kwa kriketi mkishaingia uwanjani kocha amebaki kwa kiti chake, ni wewe unaamua nani anarusha, nani anasimama wapi, lini unabadilisha, na hayo yote unaamua jua la saa saba likiwa kichwani na wewe mwenyewe unatakiwa udake na upige kama wengine. Unaweza kutolewa mpira wa kwanza, sifuri, halafu baadaye hiyo siku uende kuwapanga watu 10 waliokuona ukitoka na sifuri. Nimekuwa meneja wa tawi miaka 9 na ofisini sijawahi kukutana na kitu kama hicho, ofisini ukikosea unafunga mlango.

Sasa hii yako ya kuongoza aliyekufundisha. Unamjua Aasif Karim? Labda ulikuwa mdogo. Huyo alikuwa nahodha wetu Kombe la Dunia la 1999, baada ya hapo akastaafu akaendelea na shughuli zake. 2003 akaitwa tena akiwa na miaka 39, na safari hii nahodha ni Steve Tikolo, mtu aliyekuwa chini yake miaka 4 tu nyuma. Tarehe 15 Machi tuko Durban na Australia, mabingwa wa dunia. Sisi tulikuwa tumepata mikimbio 174 pekee (mikimbio ndio pointi zetu), wao wanaikimbilia kama watu wanaowahi basi, wamepita mia moja na wiketi 2 tu zimeanguka, yaani wapigaji 2 tu wametolewa. Tikolo akampa mzee Karim mpira. Akarusha ova 8 na mipira 2 (ova moja ni mipira 6), ova 6 kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja, akatoa mikimbio 7 kwa jumla na kuchukua wiketi 3, Ponting nahodha wao akiwemo. Tulishindwa kwa wiketi 5 lakini mchezaji bora wa mechi akawa Karim, mtu wa timu iliyoshindwa.

Watu huwa wanazikumbuka zile hesabu. Mimi huwa nafikiria kile kitu kilikuwa chini yake, kwamba mtu aliyewahi kuvaa unahodha wa nchi kwenye Kombe la Dunia alikubali kurudi kuwa mmoja wa 11, na yule aliyeuchukua hakuogopa kumwita. Wote wawili walihitajika. Ingekosekana nusu moja hakungekuwa na hiyo siku.

Nikuambie yangu sasa, na hii si rahisi kuiandika. Mimi nilipewa unahodha nikiwa na miaka 26. Kulikuwa na mrushaji wetu wa kasi wa miaka 38, msaidizi wa nahodha kwa muda mrefu, na kila mtu alijua ni yeye angepewa. Mechi yangu ya 3 mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, pichi ina unyevu, tumemwaga maranda ya mbao pale anapotua mguu, yaani siku yake kabisa. Akarusha ova 4 safi. Halafu akaniambia kwa sauti, watu wakisikia, "niwekee mtu faini legi," kule nyuma ya mpigaji karibu na ukingo. Mimi nikasikia kama ameniamuru. Nikamtoa. Nilienda nikachukua mpira mkononi mwake, upande mmoja ulikuwa bado na joto la suruali alivyokuwa akiusugua, nikampa kijana mwingine. Hakubisha hata kidogo. Akatembea mpaka faini legi, pale pale alipokuwa anataka niweke mtu, akasimama huko mikono nyuma mpaka mwisho wa mechi.

Tulishindwa, lakini hiyo si kitu. Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata pia hakuja, na mpaka leo sijawahi kumwona tena kwa nguo nyeupe. Alikuwa na misimu kama 3 hivi bado mwilini na mimi ndio niliimaliza, kwa sababu ya sekunde moja ya kusikia vibaya. Baada ya miaka 6 nilimtafuta nikamwomba msamaha, akanikaribisha chai akaniambia mambo hayo yaliisha, na mimi nilipokuwa narudi nyumbani nilijua hayakuisha.

Kwa hivyo mtafute Mzee wako kabla ya tosi, ile sarafu ya kuanza mechi. Si uwanjani, si baada ya mechi watu wakiwa na hasira, na tafadhali si kwa grupu la WhatsApp. Mpigie Ijumaa. Muulize kitu cha kweli ambacho hujui, kwa mfano huyu mpigaji wao wa kwanza wewe ungemweka nani wapi, na usikize mpaka amalize hata kama ni nusu saa. Halafu mwambie waziwazi, kwa heshima, kwamba uwanjani mkono utakuwa mmoja, na akiona umekosea aje kati ya ova akuambie sikioni. Na umpe kazi yenye uzito kweli, maana mtu wa miaka 43 anajua mara moja akipewa kazi ya kumtuliza.

---

DadaWaGlavu – Jumanne, saa 12 asubuhi

Nimesoma hii kwa matatu nikapitisha steji yangu.

Mimi nilikuwa kipa wa wiketi, nimecheza mechi za wanawake hapa Nairobi miaka 8 na sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa la watoto 61. Kaka, kwa hadithi yako kilichonishika si huyo Mzee. Ni kwamba ulinyamaza na chai hukunywa. Kipa anakaa nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu, anawaona wote 10 kwa mbele, na nakuambia kile nilichoona miaka hiyo yote ni kwamba timu nzima inamwangalia nahodha mabega. Hawasikii maneno yake, wako mbali. Wanaona mabega. Siku nahodha ameshusha mabega unaona mtu wa mwisho kule kwa baundari, ukingoni mwa uwanja, naye ameweka mikono kiunoni, na mpira ukienda kwake anauendea polepole. Wewe kuondoka bila chai, vijana 10 walikuona, na huyo kijana wa spini aliyenyimwa wiketi yake alikuona.

Nahodha wangu wa kwanza nitamheshimu mpaka nife kwa ajili ya kitu kidogo sana. Kabla sijavaa glavu nilikuwa nasimama midi-oni, mbele ya mpigaji. Siku moja mechi ngumu, mpigaji wao bora akaupiga mpira juu, juu kabisa, ukaja kwangu. Nilikuwa na muda mwingi na muda mwingi ndio mbaya, unaanza kuwaza. Ukapiga kiganja ukaanguka kwenye nyasi mbele ya miguu yangu. Huyo dada mpigaji alikuwa na 11, akaendelea mpaka 70 na kitu. Mimi nilitaka ardhi inimeze, nikaanza kutembea kwenda kwa baundari nijifiche huko. Nahodha akaniita jina, akaninyooshea kidole mahali pale pale nilipoangushia, "rudi hapo, ni pako." Basi. Hakunipa pole wala hakunikaripia.

Mpira mwingine haukuja kwangu siku hiyo. Nilingoja mechi nzima na haukuja. Lakini nilisimama pale, na nilipoanza kazi ya ualimu, mtoto akishindwa kusoma mbele ya wenzake simwambii akae chini, siku inayofuata namwita tena asome, sentensi fupi, mahali pale pale.

Na hili la kuongoza wakubwa, angalia akina Ngoche. Margaret Ngoche aliongoza timu ya taifa ya wanawake akiwa anatoka kwa nyumba ambayo kaka zake James, Shem na Nehemiah wote walikuwa kwenye kikosi cha Kenya Kombe la Dunia la 2011. Fikiria kuwa nahodha halafu unarudi nyumbani kuna watu watatu mezani wanaoujua mchezo. Watu wanaojua kukuzidi au kukukaribia watakuwepo siku zote, hiyo huwezi kuikimbia.

---

MtazamajiWaNgara – Jumanne, saa 6 mchana

Nitasema ukweli wangu hata kama utawauma. Naupenda huu mchezo tangu niko mdogo, nilikuwa naruka ukuta kutazama, lakini tukianza kuuza kriketi ya Kenya kama shule ya uongozi basi tuseme na upande wa pili.

29 Februari 1996, Kombe la Dunia, Pune kule India, tunaipiga West Indies. Tulipata 166 pekee na wao wakaanguka kwa 93. Maurice Odumbe nahodha, wiketi 3 kwa mikimbio 15, mchezaji bora wa mechi. Lara, nyota wao wa kupiga, akadakwa na Tariq Iqbal akiwa na 8 tu. Wengi wa wale walikuwa watu wa kazi zao za kila siku, wanacheza wikendi. Kombe la 2003 tukaipiga Sri Lanka hapa hapa Nairobi, Gymkhana, Collins Obuya wiketi 5 kwa 24, tukafika nusu fainali, nchi ya kwanza isiyocheza mechi za Test, zile ndefu za siku tano, kufika hapo. Najua New Zealand walikataa kuja Nairobi wakisema usalama na tukapewa pointi, lakini Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe tuliwapiga kwa jasho.

Halafu? 2004 wachezaji wamegoma kwa sababu ya malipo. Mwaka huo huo Odumbe akafungiwa miaka 5 kwa kupokea pesa za watu wa kamari. 2005 chama kikavunjwa kikaundwa kingine. 2011 Kombe la Dunia tukashindwa mechi zote 6, moja tulitolewa kwa mikimbio 69. 2014 tukapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. 2018 kule Namibia tukashika mkia tukateremshwa mpaka daraja la tatu, kocha Thomas Odoyo akajiuzulu, nahodha Rakep Patel akajiuzulu, na mwenyekiti Jackie Janmohamed naye.

Mimi niliwahi kuwa mweka hazina wa klabu moja ndogo, na nimeona kwa macho yangu vijana wakinunuliwa mipira ya mazoezi kwa mchango wa shilingi mia mia huku pesa ya msimu imeishia kwa vikao. Kwa hivyo huyu kijana akiuliza uwanja ulifundisha nini, mimi naona ulifundisha wachezaji, hao walioketi mezani haukuwafundisha. Na hao walioketi mezani ndio waliamua.

---

MzeeWaOva – Jumanne, saa 2 usiku

Ndugu wa Ngara, hayo yote ni kweli na siwezi kukupinga hata moja. Ila hiyo ya 2018 mimi naiona tofauti kidogo. Odoyo ndiye wa kwanza kutoka nchi isiyo ya Test kufikisha wiketi 100 kwenye mechi za kimataifa za siku moja, huyo alicheza ile mechi ya Pune akiwa na miaka 17. Mtu kama huyo akisema timu imeshuka mikononi mwangu naondoka, na nahodha akasema hivyo, na mwenyekiti akasema hivyo, hapa kwetu ni mara ngapi umeona watu watatu wakiachia viti bila kusukumwa na korti? Haikuponya kitu, nakubali. Lakini mimi nilikuwa nimekasirika sana na nilipowasikia hasira yangu ikapungua.

Na Odumbe pia hadithi yake haikuishia 2004. Alitumikia adhabu yake yote, akarudi kucheza ligi 2009 akiwa na miaka 40, na 2018 baada ya hayo ya Namibia ndiye aliyepewa kuinoa timu ya taifa. Kila mtu ana maoni yake juu ya hilo na yangu ni kwamba kurudi uwanjani ambapo kila mtu anajua ulichofanya, na kufunga pedi zako za miguu kimya kimya ukangoja zamu ya kupiga, ni mzigo mzito.

Lakini kwa huyu kijana wetu mfano ninaoutaka ni wa Collins Obuya, maana umetaja nusu tu. Alikuwa anauza nyanya kabla ya jina lake kujulikana. 2003 ndio huyo wa spini, wiketi 5 mbele ya Sri Lanka, mwaka huo huo Warwickshire ya Uingereza wakamchukua. Sote tulidhani tumepata mfalme. Halafu goti likamsumbua na ile spini ikampotea, yaani kitu kilichompa jina kikaondoka mkononi. Unajua spini ikipotea inavyokuwa? Mkono ni ule ule, vidole ni vile vile, mpira unatoka unadondoka mahali usipotaka na hujui kwa nini. Nimeona wengi hapo wakitafuta mtu wa kumlaumu kisha wakaacha mchezo.

Yeye akashika gongo. Akaanza kujijenga upya kama mpigaji, kazi ya miaka. Hilo Kombe la 2011 tulilotolewa kwa 69, Machi 13 huko Bangalore tukiwa na Australia ambao wameshapiga 324, Obuya alitoka na 98 bila kutolewa. 98! Mikimbio 2 tu afikishe mia na ova zikaisha. Tulishindwa lakini tulifika 264. Mwaka huo huo akapewa unahodha, na alipita miaka 40 akiwa bado kwenye timu ya taifa na watoto waliozaliwa baada ya ile nusu fainali.

Kijana, Mzee wako naye amepoteza kitu. Alikuwa nahodha miaka 11, na nahodha ndio jina lake. Sasa anatafuta yeye ni nani kwa hiyo timu na hakuna aliyemwambia. Ule mkono wake ndio unatafuta.

---

MamaWaJikoKubwa – Jumatano, saa 11 alfajiri

Mimi kriketi siijui, nimefika hapa kwa sababu binti yangu alinitumia. Mwanangu, mimi ni yule mama wa stoo. Si yule wako, lakini ni mimi.

Nina miaka 52, niko kwa jiko la taasisi moja tunapikia watu mia nne kwa siku, na miaka mitatu iliyopita waliniletea msimamizi wa miaka 27. Kijana mzuri, ana heshima. Wiki ya kwanza akahamisha masufuria makubwa akayaweka rafu ya chini na ya kati akaweka sinia. Mimi nikayarudisha. Kesho akayahamisha tena, nikayarudisha tena. Yeye akafikiri nampima. Wallahi sikuwa nampima, ni mkono tu, mkono umeenda hapo miaka 19, na tena mimi mgongo wangu haukubali kuinama na sufuria ya lita 60. Hakuniuliza na mimi sikumwambia. Tulikaa hivyo miezi minne tukihamisha masufuria, watu wazima wawili.

Siku aliyoniuliza "mama, kwani hapa chini kuna shida gani?" nilimwambia mgongo. Akashtuka. Tangu hapo hatujagombana.

Muulize huyo mama. Usimuulize mbele ya vijana. Na usianze na "mimi kama supavaiza".

---

KijanaWaSouthB – Jumapili, saa 4 usiku

Wadau nimerudi, asanteni sana, nimewasoma wote zaidi ya mara moja. MzeeWaOva ile ya mpira ulio na joto imenikaa kichwani wiki nzima.

Ijumaa jioni nilimpigia Mzee. Nilikuwa nimeandika maneno kwa karatasi na sikuyatumia. Nilimuuliza kuhusu mpigaji wao wa kwanza, yule wa mkono wa kushoto, akanyamaza kidogo halafu nikasikia kurasa zikifunguliwa kwa simu. Kumbe ana daftari! Miaka 11 amekuwa akiandika kila mpigaji wa ligi yetu, anapenda kupiga wapi, anatolewa vipi, na sisi hatukuwahi kujua, tulidhani anakumbuka tu. Alinisomea kama dakika 40, salio langu likaisha akanipigia yeye. Mwisho nikamwambia ile ya mkono mmoja, nilikuwa natetemeka kidogo, nikamwambia pia kwamba ile slipi ya wiki iliyopita iliniuma. Akasema, "Hukuniambia. Ningeambiwa ningemwacha pale." Halafu akasema ni kweli, alimrudisha, hata hakufikiria.

Leo nilimweka slipi yeye mwenyewe. Ova ya 9 akanijia kati ya ova akaniambia sikioni nimtoe mtu kava nimlete karibu. Nilifikiria, nikamwambia hapana Mzee, naogopa nne za upande huo. Akasema haya, akarudi slipi, akapiga makofi mawili "twende vijana." Sijui kama nilikuwa sahihi, mpira haukuenda huko kabisa. Tulishindwa kwa mikimbio 12. Kijana wa spini alichukua wiketi 2, moja ilidakwa slipi, chini kabisa karibu na kiatu, na Mzee alibaki ameketi kwa nyasi akiwa ameushika mpira juu mpaka ampaya akainua kidole. DadaWaGlavu, chai nilikunywa, vikombe viwili na sambusa.

Kazini nilimuuliza mama Alhamisi wakati wa chakula, tukiwa wawili. Mama wa jiko, ulijuaje? Alitaka kitu kimoja tu, beringi za lori zisiwekwe rafu ya juu kwa sababu ngazi yetu inayumba na yeye aliwahi kuanguka nayo kabla sijaajiriwa. Hakuna aliyewahi kuandika hiyo popote. Tumezihamisha Ijumaa na ngazi nimeombea nyingine, bado nangoja jibu. Vijana bado wanamuuliza yeye kwanza, na sasa yeye anawatuma kwangu kwa baadhi ya vitu, si vyote.

MtazamajiWaNgara, hayo ya vikao nimeyasikia pia, mimi na mweka hazina wetu tumekubaliana hesabu ya mipira na nauli itabandikwa kila mwezi pale tunapobadilishia nguo.

Daftari nilimuuliza kama naweza kupiga picha zile kurasa. Akasema mwandiko wake hausomeki na mwingine yeyote, niende kwake Alhamisi jioni tukae tulipitie pamoja, nibebe kalamu na daftari jipya. Nimeshaomba mtu wa zamu ya usiku aingie saa moja mapema.